Kishikizo cha Zéphirin

Kazi mbaya nimezifanya nyingi, na hakuna aliyekufa. Nimetengeneza pete zilizopinda, hereni zilizovunjika siku ya arusi yenyewe, na mkufu mmoja uliomwachia mke wa karani alama nyeusi shingoni hadi akanifuata nyumbani kunitukana. Kazi iliyoua mtu ni ile niliyoifanya vizuri. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili wale wanaonisifu mitaani wanyamaze.

Jina langu Feruzi, mfua fedha na shaba. Baba yangu alitoka Maniema na koleo mbili na mvukuto mmoja, akaja kukaa hapa Kisangani, na mimi nimerithi ufundi wake pamoja na hasira zake. Nafanyia kazi barazani, mbele za watu, kwa sababu mteja akiona moto anaamini zaidi. Ubaya wake ni kwamba ukisema upuuzi barazani, mtaa mzima umeusikia.

Zéphirin alikuja mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na sita. Alikuwa mvuvi wa Wagenia, wa kule kwenye maporomoko, lakini si mvuvi wa tangu utotoni. Alikuwa amesoma kwa mapadri, kisha akafanya kazi bandarini miaka kumi, akihesabu magunia. Baba yake alipofariki mwaka uliotangulia, alirudi nyumbani kushika mitego ya ukoo, maana hapakuwa na mwingine wa kuishika. Alikuwa na mabega ya mvuvi na mwandiko wa karani.

Alivua bangili akaniwekea mkononi. Ilikuwa ya fedha, pana kiasi cha kidole, na nakshi ndogo pembeni iliyochorwa na fundi aliyejua kazi yake. Kishikizo chake sasa! Uzi laini wa shaba uliokunjwa ndoana, ukaingizwa katika kitundu. Niliuvuta kwa kidole kimoja, ukafunguka.

"Ndiyo hiyo shida yangu, fundi," alisema. "Hii ilikuwa ya mama. Siku ya kufa aliivua mukononi yake, akanivalisha, akasema nisiitoe hata siku moja. Alors, inaanguka. Mara ya kwanza ilianguka ndani ya mutumbwi. Mara ya pili Alphonsine, muke yangu, aliiona ndani ya mutego katikati ya samaki. Mara ya tatu itakwenda na mayi. Mi nataka kitu chenye haitafunguka."

"Na nani alitengeneza huu uchafu?"

Alitazama chini. "Papa. Ya zamani ilikuwa nguvu. Nilifika kwetu likizo, papa akaiona mukononi yangu. Kesho yake akaikata, akatia hii."

"Sababu gani?"

"Papa hakukuwa mutu wa maneno."

Hapo ndipo ningefikiri kwanza. Mtu anayekata kishikizo kizima na kuweka kibovu ana jambo lake, na fundi mwenye akili angeuliza mara ya pili. Lakini barazani walikuwepo watu saba au wanane, na mimi nikiona watu ulimi huniwasha. Nikainua ile ndoana juu ili waione.

"Hii ndiyo kazi ya muvuvi," nikasema. "Mutu wa samaki abaki na samaki. Mimi nikienda kutega kule kwenu, nitarudi na majani ya mayi peke yake!"

Baraza lilicheka. Zéphirin naye alicheka, lakini kidogo, maana aliyechekwa alikuwa baba yake, na msiba ulikuwa bado mpya.

Nilifanya kazi ile siku tatu. Nilitengeneza kijumba kidogo cha fedha upande mmoja, na upande wa pili ulimi wa chuma laini unaoingia mle ndani na kukamatwa na pini. Ili kuifungua, kwanza unausukuma ulimi ndani zaidi, halafu unabonyeza pini kwa ukucha, ndipo unavuta. Ukivuta tu bila kusukuma, pini inazidi kuuma. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda. Kadiri mtu anavyovuta, ndivyo inavyoshika.

Zéphirin alipokuja kuichukua niliitundika kwenye msumari, nikafunga ndoo iliyojaa mchanga, nikaiacha ining'inie. Watu walikusanyika. Haikufunguka. Nikamvisha, nikamwambia ajaribu kuivua kwa mkono mmoja. Nikamwonyesha kusukuma na kubonyeza, naye akahangaika mpaka jasho likamtoka, akashindwa, akafurahi sana.

"Sasa mama atalala," alisema.

Alinipa haki yangu hapohapo akaenda. Wiki ile wanawake wanne walileta bangili zao wakitaka kishikizo cha Zéphirin. Jina hilo wamelitoa wao, si mimi, na hadi leo kuna watu wanakuja kuomba kwa jina hilo.

Mwezi wa kumi mke wangu, Mama Jafari, alitaka samaki wa kuwapikia wageni, akasema hataki wa sokoni waliokwisha choka. Tukaenda kwenye maporomoko wenyewe. Nimezaliwa mji huu, lakini kusema kweli sikuwahi kusimama karibu vile wakati wa kazi. Magogo marefu yamesimikwa kwenye miamba katikati ya maji yanayonguruma, yamefungwa kwa kamba za porini, na juu yake watu wanatembea miguu mitupu, wakivuta juu vikapu vikubwa vinavyoweza kummeza ng'ombe. Mimi nilisimama mbali na ukingo. Sijui kuogelea, na sioni aibu kusema.

Alphonsine alikuwa akiuza samaki pale kwenye mawe, mtoto wake wa kike akicheza nyuma yake. Alipojua mimi ni nani, alipitisha mkono chini ya wale wadogo akatoa kapiteni mnene, akamfungia Mama Jafari. "Uyu ni wa fundi," alisema. "Bwana yangu sasa analala bila kushika mukono yake."

Karibu naye aliketi Papa Évariste, mdogo wake marehemu baba yake Zéphirin, mzee aliyekuwa bado anapanda magogo kila asubuhi. Alikuwa amevaa kamba kiunoni iliyoning'iniza kisu. Mimi, kwa tabia yangu ya kuona kasoro za mikono ya watu, nikamwambia fundo lake litamwangusha kisu mtoni.

Alicheka. Akavuta ncha ya kamba kwa kidole, na yote ikaanguka miguuni pake, kisu na kamba.

"Bon, sikia, fundi. Huku tuko na fundo mbili. Mutego tunaufunga na fundo ya kufa, mayi isiubebe. Mutu hatumufungi vile, hata siku moja. Kila kitu yenye iko mwilini inapaswa kukubali kuvunjika. Ukianguka, kamba ya mutego inakukamata, kisu inakukamata, nguo inakukamata. Unaachia muto kitu yako, unatoka na mwili. Kaka yangu alikuwa anasema: vitu vitanunuliwa tena."

Kaka yake, ndiye yule niliyemcheka barazani.

Sijui kama mmewahi kuelewa jambo kwa tumbo kabla ya kichwa. Tumbo langu lilielewa. Ile ndoana mbovu haikuwa mbovu. Mzee aliiona bangili imara mkononi mwa mwanawe, akajua siku moja mwana atapanda magogo, akakata kishikizo bila kusema neno, maana kule kwao jambo hilo halisemwi, kila mtu analijua. Ila Zéphirin alilelewa na magunia na vitabu. Kamba aliijua kuwa kamba. Bangili hakuihesabu kuwa kamba, na wenzake nao hawakumkagua mtu mzima mkononi.

Muda huohuo Zéphirin alishuka kutoka kwenye magogo, maji yakimtiririka, akanyoosha mkono juu watu wote waone. "Huyu ndiye fundi yangu!" Kwenye ukingo wa kishikizo kulikuwa na nyuzi mbili tatu za kamba ya porini zimenasa. Maana yake bangili ilikuwa imeshamnasa mara moja, akanusurika bila kujua.

Nilimvuta pembeni.

"Nipe hiyo bangili," nikasema. "Siku mbili tu. Nataka kuisugua."

"Lakini inang'aa, fundi."

"Iko na kasoro kidogo."

"Kasoro gani?"

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Itakuua. Baba yako alikuwa sahihi, mimi ndiye mpumbavu. Ni maneno machache, mtoto angeweza kuyasema. Lakini Papa Évariste alikuwa hatua nne kutoka pale, na Alphonsine, na wavuvi wanaotazama, na nyuma yangu mji mzima uliokuwa ukitamka jina la kishikizo changu. Niliona nitakavyorudi barazani nikiwa kichekesho.

"Kasoro ya macho tu," nikasema. "Fundi anaiona, mutu mwingine haioni."

Akacheka, akanipiga begani kwa mkono uleule. "Basi haina haraka. Nitaileta mayi makubwa yakiisha."

Njiani Mama Jafari aliniuliza kwa nini nimekuwa kimya, mimi ambaye hata usingizini nabishana. Nikamweleza yote. Akasimama katikati ya barabara, samaki kichwani.

"Rudi," alisema.

"Nitarudi Ijumaa."

"Rudi sasa hivi, baba Jafari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa hata si kifo chako."

Nilimgombeza. Nilimgombeza barabarani mbele ya wapita njia, nikamwambia yeye anajua nini juu ya kazi yangu, na watu wakageuka kutazama. Alitangulia. Wageni aliwapikia yule samaki na kuwapakulia, yeye mwenyewe hakumgusa.

Ijumaa nilikuwa na kazi ya haraka. Ijumaa ya pili ilinyesha tangu asubuhi. Kati ya Ijumaa hizo nilimtuma mwanamke mmoja muuza samaki amwambie Zéphirin aje upesi, nina neno naye. Alirudi na jibu: fundi asiwe na wasiwasi, ahadi ni ahadi, ataileta maji makubwa yakiisha. Nikajiambia nimefanya sehemu yangu. Mtu akitafuta namna ya kujidanganya haikosi kamwe.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne, vijana wawili wa Wagenia walifika barazani na baiskeli. Hawakuketi. Mmoja alisema, "Papa Évariste anakuita. Beba vyombo vyako vya kazi." Mama Jafari aliyekuwa akichambua mchele aliweka ungo chini, akaingia ndani. 

Walinieleza njiani. Jumatatu asubuhi Zéphirin aliteleza wakati wa kuvuta kikapu. Mwaka ule alikuwa ameanguka mara mbili na mara zote mbili aliibuka chini ya maporomoko akicheka, maana kuogelea alijua sana. Safari hii hakuibuka. Walimtafuta kwa mitumbwi kutwa nzima, kila mahali maji yanapotupa vitu, mpaka karibu na bandari. Asubuhi ile ya Jumanne walipovuta mtego wake wakamkuta. Alikuwa palepale alipoangukia, mkono wa kushoto umenaswa baina ya kamba na mdomo wa kikapu. Bangili ilikuwa imeingia chini ya fundo, na maji yote ya mto yalikuwa yakivuta.

Walikuwa wamemlaza mkekani, nyumba imejaa wanawake. Alphonsine alitaka bangili itolewe kwa ajili ya binti yake, na hakuna aliyeweza kuivua. Mkono ulikuwa umevimba, na kila aliyejaribu alivuta tu. Walinipisha nikapiga magoti.

Sitasema mengi juu ya nilichokiona, lakini hiki lazima nikiseme. Kijumba cha fedha kilikuwa kimekwaruzwa pande zote, mikwaruzo mingi mifupi, yote kuzunguka pini. Nikautazama mkono wake wa kulia. Kucha tatu zilikuwa zimekatika hadi kwenye nyama. Alikuwa akitafuta pini mle ndani ya maji. Alikumbuka kwamba kuna kusukuma na kuna kubonyeza, na mto haukumpa nafasi ya kusukuma. Katika nyumba ile yote ni mimi peke yangu niliyejua kusoma alama zile. Nikachukua tupa, nikakata kishikizo changu, na machozi yakawa yananidondokea mikononi, wanawake wakadhani namlilia mteja.

Nilipotoka nje, Papa Évariste alinishika mikono yote miwili.

"Fundi, sisi batu ya hapa hatuko na makaburi," alisema. "Baba yetu muto ulimubeba. Ndugu zangu wawili, ulibeba. Mutoto wa dada yangu, ulibeba. Hakuna mwenye ulirudisha. Unalia, lakini haujui unatazama fasi gani, mahali gani. Huyu ni wa kwanza. Bangili yako ilimushikilia. Kesho tutamuzika sawa mukristo, mutoto wake atakuwa na fasi ya kupeleka maua. Ni weye ulitupatia hiyo."

Nyuma yake walisimama wavuvi sita, wengine vijana kabisa. Mmoja wao alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Tulizungumza asubuhi," aliendelea mzee. "Tunataka utupimie, kila mutu. Iwe ya shaba tu, haina neno. Lakini kishikizo iwe kama ya Zéphirin."

Mikono sita ilikuwa imenyooshwa mbele yangu.  Ningeweza kusema nina kazi nyingi, ningeweza kusema fedha imeadimika. Uongo wa aina hiyo nilikuwa nimeshauzoea. Nikaona wakienda kwa fundi mwingine, mpumbavu mwingine.

"Haikumurudisha," nikasema. "Ni yenyewe ilimuua. Bila hii angeibuka, sawa ile mara mbili. Papa yake alikata kishikizo ya nguvu kwa sababu hiyo, nami nikamucheka mbele ya batu. Kucha zake zimekatika. Alikuwa anatafuta kufungua."

 Alphonsine alikuwa ametoka mlangoni, bangili iliyokatwa mkononi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Nilitamani kusema leo. Ningesema leo wangeniamini wote.

"Siku nilikuja kununua samaki."

 Hakupiga kelele, hakunitukana, na mimi ningeshukuru kutukanwa. "Nilikuchagulia samaki muzuri," alisema, akarudi ndani kwa wanawake wenzake.

Vijana walishusha mikono, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitema mate chini, akaondoka, na wengine wakamfuata. Nilikusanya vyombo vyangu kwenye mfuko. Nilidhani Papa Évariste naye ameondoka, lakini alikuwa bado amesimama palepale, akiyatazama magogo kule majini. Kisha akakunja mkono wa shati lake.

"Bale ni vijana," alisema. "Bakianguka, bataogelea. Weye ulifanya vibaya kunyamaza, Mungu atakuuliza, mimi sitakuuliza. Lakini mimi niko na miaka karibu sabini, na kila asubuhi bado napanda. Nikianguka sitatoka, ifunguke isifunguke. Nitakwenda na mayi sawa ndugu zangu. Nipimie."

"Papa, siwezi."

"Nipimie, fundi. Mi nataka fasi yangu ya kuzikwa."

Nikamsihi aache kupanda. Akaniuliza nani atavuta mitego sasa, Alphonsine?  Nikatoa uzi, nikauzungusha kwenye mkono wake, mkono mwembamba wa mifupa mitupu, na kufunga fundo mahali uzi ulipokutana.

Bangili yake niliifua kwa siku nne, ya shaba, na kishikizo nikakifanya imara kuliko kile cha kwanza. Mama Jafari ndiye aliyeipeleka. Alisema mzee aliivaa palepale, akanitumia salamu, akapanda magogo.